Tangazo la hali mbaya ya hewa likitoka: karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wangu

Mtoto wa kaka yangu anakaa Mbagala, Dar es Salaam. Kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa taarifa ya mvua kubwa au upepo mkali ananipigia simu, na swali lake ni lile lile: "Shangazi, kweli itakuja?" Nimemjibu mara nyingi mpaka salio likakatika. Safari hii naandika, asome mwenyewe, na wengine wa pwani wakipenda nao wasome.

Jibu la kwanza ni kwamba swali hilo halina faida. Mimi sijui kama itakuja, na hao TMA nao hawasemi kwamba wanajua. Wanasema uwezekano wake ni kiasi gani. Swali lenye faida ni hili: kwa tangazo hili lililotoka, nyumba yangu leo jioni inafanya nini? Hilo lina jibu, hata kama kesho jua litawaka la kukausha mbata.

Mimi ni mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Nina hisa kwenye mashua moja, nanunua dagaa wabichi na kuanika, na mume wangu alikuwa nahodha mpaka magoti yalipomkatalia. Elimu yangu ya hali ya hewa ni ya redio, simu na hasara.

Bi Jobo

Shida moja ipo kwenye neno lenyewe. Tunasema "utabiri", na utabiri tumeuzoea kwa wapiga ramli. Mpiga ramli akisema jambo na lisitokee, ni mwongo. Basi na TMA wakisema kimbunga kinakuja kisije, mtaani wanaambiwa waongo.

Aprili 2021 walitangaza kimbunga Jobo. Ilikuwa Ramadhani. Niliwashikia bango jirani zangu: vyombo vipandishwe, magodoro yabebwe, wazee wahamie nyumba za mawe. Watu wamefunga, jua la saa nane, jasho linawatoka kwa maneno yangu. Jobo kikafifia baharini, hatukukiona. Tangu siku hiyo nikaitwa Bi Jobo. Watoto wa madrasa wakinipita wananiita hivyo, na mume wangu anacheka pamoja nao.

Miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, kikatangazwa Hidaya. Jina zuri, maana yake zawadi. (Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupewa majina kwa mpango wa alfabeti kila msimu. Hidaya kilikuwa cha nane, ndiyo maana ya H. Kilichofuata kiliitwa Ialy, kikaelekea upande wa Kenya.) Nilipokwenda kuwaambia watu, wa kwanza akanijibu, "Bi Jobo, mwaka huu tena?" Jumamosi ya tarehe 4 Mei, Hidaya kikaingia nchi kavu, na nchi kavu yenyewe ilikuwa hii yetu, Mafia.

Baadaye nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema, nikapekua kalenda ya mwezi. Hidaya kilikuja mwezi ukiwa 25 hivi, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye maji mafu (siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana), bamvua, yaani maji makubwa, likiwa mbele siku nne. Jobo kilitarajiwa mwezi 12 au 13, bamvua la mwezi mpevu linapanda, na bamvua huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa hiyo kile tulichokicheka ndicho ambacho kingefika kingetukuta pabaya zaidi. Nilimwonyesha mume wangu. Hakucheka, lakini jina hakuliacha.

Isome taarifa kama unavyosoma risiti ya duka

Watu wengi husikia "hali mbaya ya hewa" wakaishia hapo. Mengine yote yaliyoandikwa yanapita. Taarifa za TMA za siku tano zina mtindo wake, huwa zinakwenda hivi: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya ukanda fulani, ikitajwa mikoa, kisha uwezekano wa kutokea, kisha athari zinazoweza kutokea. Kila kipande kina kazi.

Anza na mahali. Sisi wa Mafia tunakosea sana hapa. Kilwa tunaiona ni jirani, na kwa mawazo yetu sisi ni watu wa kusini. Lakini Mafia ipo mkoa wa Pwani, na kwenye taarifa tunaandikwa kundi moja na Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, yaani pwani ya kaskazini. Pwani ya kusini ni Lindi na Mtwara. Nimemsikia mtu na umri wake akisema "wamesema kaskazini, sisi haituhusu", tanga lishapandishwa. Jifunze umeandikwa wapi. Ukishajua, soma na wa jirani, maana upepo hauulizi mpaka wa mkoa. Na wakisema "maeneo machache", usijitoe kwenye hayo machache. Hakuna aliyekwambia ni yapi.

Halafu siku, na hapa ndipo habari inapoharibika ikipita mdomoni. Wazee wetu huanza siku magharibi. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi jua likishazama. Kijana aliyesoma taarifa kwenye simu akisema "usiku wa Ijumaa", anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya isha. Hapo usiku mzima umepotea kati ya watu wawili wanaopendana. Kwangu ni marufuku kupeleka habari bila tarehe: sema "usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4", hata kama ni maneno mengi. Na saa za programu za simu zilizoandikwa 21:00, zigeuze kabla hujazitamka: ni saa tatu usiku.

Kisha kiasi. Mvua ya milimita 50 kwa siku ndiyo inaanza kuitwa kubwa. Milimita 50 ni kina kidogo, hazifiki hata urefu wa kidole cha kati. Ila kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu lina mita 6 kwa 8, hesabu mwenyewe: lita 2,400, mapipa 12 ya lita 200, yanamwagika kuzunguka msingi wa nyumba yangu peke yake. Jirani naye ana yake, na mwenye nyumba ya juu yako anakuletea ya kwake bila kubisha hodi.

Mawimbi ya mita 2 nayo yana siri yake. Kipimo cha wataalamu wa bahari si wimbi kubwa kuliko yote, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa. Maana yake baadhi yatapita mita 2, na ukikaa baharini muda mrefu utakutana na moja linalokaribia mara mbili yake. Ngalawa haihitaji mawimbi kumi, moja linatosha.

Mwisho rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hiyo haitokani na ukali wa jambo peke yake. Wanapima mambo mawili pamoja, uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari. Kwa hiyo njano ya leo inaweza kuwa jambo dogo ambalo karibu litatokea, na njano ya wiki ijayo ikawa jambo kubwa lenye uwezekano mdogo. Ndiyo maana nasema soma mistari miwili ya chini, usiishie kwenye rangi. Wakiandika uwezekano mdogo, athari kubwa, mimi naamka.

Sauti za WhatsApp zinazoanza na "ndugu zangu, nina mtu wangu ndani ya mamlaka" usizisambaze. Taarifa ya kweli ina tarehe, ina muda wa kutolewa, na utaisikia redioni au utaikuta kwenye kurasa za TMA wenyewe. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya hao wenye mtu wao ndani.

Amua mapema, ukiwa umeshiba

Hili ndilo hasa nililotaka kumwambia mtoto wa kaka. Tangazo likishatoka si wakati wa kujadiliana. Kila mtu ana sababu: huyu ana dagaa juu ya chanja, yule ana nauli ya watu mkononi, mwingine kamba za mwani hazijakomaa. Sababu zote ni za kweli, na zote zinakula muda. Kwa hiyo sisi tulikaa siku isiyo na wingu, tumekula wali wetu, tukaandika. Karatasi ipo nyuma ya mlango wa mbele, ndani ya mfuko wa nailoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito:

NJANO: Mashua hailali nje ya mwamba. Mapipa yajazwe. Simu zote chaji, na redio ipate betri mpya. Hakuna kuanika jioni.

CHUNGWA: Mashua ipande. Nazi za juu ya nyumba ziangushwe. Ndoo ya karatasi ikae mlangoni. Bibi jirani aambiwe LEO.

NYEKUNDU: Tunahama kabla ya magharibi. Hakuna atakayebaki "kuangalia nyumba".

Ule mstari wa mwisho mume wangu aliupinga dakika 40. Bora alipinga siku ile kuliko ambavyo angepinga siku yenyewe.

Ndoo ya karatasi ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ndani kuna vitambulisho, kadi za kliniki, leseni ya chombo, hati ya kiwanja, dawa za presha za siku saba, kiberiti kwenye chupa kavu, na pesa kidogo za noti ndogo ndogo, maana simu ikizimika au mtandao ukikatika hakuna wa kukutumia wala wa kukutolea.

Yako usinakili yangu. Wewe wa Mbagala huna mashua, una bonde. Andika lako: njano: bajaji isilale bondeni; chungwa: friji ipande juu ya matofali na watoto walale kwa mama mdogo. Ilimradi rangi iamrishe kitendo na kila mtu ndani ya nyumba ajue chake.

Hesabu maji, usihesabu saa

Mtu wa bara akisikia kimbunga kipo umbali wa siku mbili, anahesabu saa 48. Sisi hatuna saa 48. Mashua yetu inataka watu 14, magogo ya kuviringishia, na maji yaliyojaa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, mara moja usiku na mara moja mchana, au alfajiri na magharibi. Usiku watu 14 huwapati. Kwa hiyo siku mbili kwangu ni nafasi mbili, tatu nikibahatika, na wakati wa maji mafu hata yakijaa hayafiki juu unapotaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hidaya: maji mafu yaliyotuepusha na bahari kupanda ndiyo hayo hayo yaliyotukatalia kupandisha chombo. Tulikisukuma kwenye mkono wa bahari wa mikokoni, tukashusha tanga na foromali (mti unaoshika tanga), tukafunga kamba nne kwenye mashina ya mikoko, kila moja ikiachwa na ulegevu wa kupanda na maji. Ukifunga kamba imekaza, maji yakipanda ama kamba inakatika ama chombo kinainamishwa kinajaa.

Injini ya boti ya faiba ing'oeni, ilale ndani ya nyumba. Ni nzito, ndiyo, lakini bei yake unaijua.

Sasa paa, maana paa ndilo linaloua watu kwa upepo kuliko upepo wenyewe. Fundi aliyeniezekea kwanza alipigilia kofia ya paa kwa misumari ya kawaida ya mbao badala ya ile ya bati yenye kichwa kipana. Sikujua mpaka kusi la mwaka mmoja lilipoinua pembe, bati likawa linapiga kofi usiku kucha: pa, pa, pa. Panda, au mpandishe kijana, wakati wa kiangazi. Ukikuta msumari unatoka kwa vidole, umeokoa paa. Wengi hupanga mawe na matairi juu ya bati. Tairi sawa kwa upepo mdogo. Jiwe likianguka linaanguka juu ya mtu. Bora mifuko ya mchanga iliyofungwa jozi kwa kamba, mmoja huku mmoja kule. Kwa nyumba ya makuti tandaza wavu mzee, wavu mzima juu ya paa, ufunge chini kwenye vigingi. Haupendezi, ila makuti yanabaki.

Na mnazi. Nyumba zetu zipo chini ya minazi, na nazi mbichi ni jiwe lenye maji ndani. Mwite mkwezi siku moja kabla, akate madafu, nazi na makuti makavu yanayoning'inia juu ya nyumba. Upepo ukishaanza asipande mtu, hata akisema amepanda tangu utoto. Wote waliopanda walipanda tangu utoto.

Kuku kwanza

Jirani yangu ni bibi wa miaka 80 na ushee, nyumba yake ya makuti na udongo, mita kama 60 kutoka ufukweni. Ijumaa ya tarehe 3 Mei, baada ya sala, nilikwenda kumwambia ahamie kwetu. Akanikaribisha, akanipa kahawa, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezikwa hapa." Nikarudi saa kumi na kijana wangu. Akasema hivyo hivyo. Safari ya tatu sikuzungumza. Nilimtazama anavyozunguka uani kuhesabu kuku kwa fimbo, nane, tisa, wa kumi hayupo, nikaelewa.

Nikamwambia kijana alete tenga. Tukakamata kuku, tukawapeleka kwenye banda letu la mawe, pamoja na yule wa kumi aliyekuwa juu ya mchongoma. Hatukumwambia bibi neno. Kabla ya magharibi alikuja mwenyewe, kanga ya pili begani na birika mkononi, akaulizia kama kuku wamepewa maji.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa mzee anayekataa: usimhubirie. Tazama anachokilinda, kihamishe hicho kwanza kwa adabu. Kwa mmoja ni kuku, kwa mwingine ni mashine ya kushonea, kwa mwingine kaburi la mumewe, na hilo halihamishiki, basi hapo mlete mtu anayemheshimu. Kwetu aliyesaidia sana ni imamu, alitangaza msikitini kwa tarehe na saa, kama nilivyomwomba. Na asiyesikia vizuri, asiyeona, mama aliyejifungua juzi, majina yao yaandikwe kabla, na kila jina liwe na mtu wake wa kumfuata. Mwenyekiti wa kijiji awe na nakala. Ukisema "tutamsaidia bibi", hakuna atakayekwenda. Ukisema "Salumu anamfuata bibi", Salumu atakwenda, hata kama ananung'unika.

Upepo wenyewe ukishafika

Jambo hili mume wangu alinifunza. Vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Kikitujia kutoka mashariki, upepo wa kwanza kutupiga unatoka kusini, na mwezi wa Mei upepo wa kusini ni nini? Ni kusi, tunaungoja kwa wakati wake. Basi mtu anasimama ufukweni anasema "hili kusi tu limeingia mapema". Sura ni moja, mwenendo si mmoja. Kusi hupumua, hutulia alfajiri ukaja umande, ule upepo mwanana wa nchi kavu. Huu unazidi saa hadi saa na umande hauji.

Na kama kitovu chake kitakupitia juu, upepo utakatika ghafla, pengine mbingu zikafunguka. Usitoke kuokota bati. Upepo unarudi kwa upande wa pili, na vile vilivyolegezwa na wa kwanza vinang'olewa na wa pili. Kaa chumba cha ndani, mbali na madirisha, viatu miguuni. Viatu, nasisitiza. Usiku ule tulilala na raba, bibi wa kuku akashangaa watu wa siku hizi.

Wewe wa Mbagala, adui yako ni maji, na maji yako hayatoki juu ya kichwa chako. Mito ya Dar es Salaam, Msimbazi na Kizinga ikiwemo, inaanzia vilima vya huko Pugu na Kisarawe. Kwako panaweza kuwa pakavu, jua linachungulia, na mto ukawa unakuja. Kwa hiyo mpigie mtu wa juu ya mto kabla ya kutazama mbingu zako. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuibeba gari ndogo. Dereva akikwambia "hapa pananipitisha kila mwaka", shuka, mwache apite peke yake. Akinamama wenye watoto mgongoni wavuke darajani au wasivuke. Ukikwama, namba za bure ni 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi. Zihifadhi leo, maana siku hiyo vidole vinatetemeka.

Nyamisati, bandari ya bara ya kuvukia Mafia, pia nipataje. Kivuko kikisimamishwa kwa sababu ya hali ya hewa, utakuta bandarini mtu mwenye boti ya mbao anayenong'ona kwamba yeye anaondoka. Mwaka mmoja nilikubali, nilikuwa nawahi msiba. Tulikuwa watu wengi kuliko maboya, yaani maboya mawili. Katikati ya mlango wa bahari nahodha alianza kututaka tumwage mizigo, na ukili wangu wote wa biashara ukaenda na maji. Msiba niliukuta wamekwisha zika. Siku hizi nikikwama Nyamisati ninalala Nyamisati.

"Kimepoteza nguvu"

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ya tarehe 5, taarifa ikasema Hidaya kimepoteza nguvu. Watu wakashangilia, asubuhi wengine wakawa wanasogeza vyombo majini. Hebu tulia hapo. Kinachopotea ni nguvu ya upepo. Mvua haijapotea, inashushwa popote mabaki ya kimbunga yanapopita. Waulize waliokuwa safarini kwenda Lindi na Mtwara: barabara ilikatika maeneo ya Somanga kwa mafuriko, mabasi na malori yakakaa foleni. Kimbunga kimeshakufa, foleni bado ipo.

Bahari nayo huchelewa kusahau. Upepo ukiisha mawimbi yanaendelea, na kwetu Rufiji inamwaga maji yake mbele ya macho yetu, ikifurika mlango wa bahari kati yetu na bara unajaa magogo yanayoelea nusu ndani ya maji. Mashua ikikutana nalo usiku, ubao unaachia. Subiri taarifa ya bahari ifutwe, kisha toka mchana.

Nyumbani anza na waya. Waya ulioanguka usiuguse wala usiukanyage, hata kama mtaa mzima hauna umeme; umeme hurudishwa bila kukupigia simu. Kisima kama maji ya nje yaliingia, au choo cha jirani kilifurika, chemsha kila tone mpaka yachemke kwelikweli, ya kunywa na ya kuoshea vyombo. Kipindupindu huja siku ambazo watu wameshaacha kuogopa. Dagaa walioloa usiwaokoe, nilijaribu gunia tatu, nikaishia kuzifukia na harufu yake nikaiogea wiki.

Kabla hamjafagia uwanja piga picha ya kila kilichoharibika, na mwenyekiti aje aone kikiwa hivyo hivyo. Kisha chukua msumari mmoja. Maji yalipofika, kwenye ukuta, kwenye shina la mnazi, popote penye alama ya povu na takataka, pigilia hapo, uandike tarehe pembeni kwa rangi ya chombo. Mnazi wangu wa kisimani una misumari mitatu sasa. Wa Mei 2024 upo usawa wa goti langu. Wa juu kabisa ni wa kiuno, aliupiga baba mkwe, na tarehe yake imefutika, kila nikimuuliza mume wangu ni mwaka gani, ananiambia, "Muulize Bi Jobo."